Kombe Wasio na Uzi

"Mtoe kuku wako! Mtoe sasa hivi, Marion, na ukishamtoa usiniguse tena friza yangu mpaka siku ya kiama!"

"Namtoa! Nani amekwambia simtoi? Kuku ametoka Bungoma na heshima zake, hawezi kulala kitanda kimoja na ukimwi wa samaki!"

"Ukimwi wa samaki! Semeni nyie, mmewahi kusikia samaki ana ukimwi?"

"Muulize Rufaida wako. Yeye ndiye alituletea virusi humu ndani kwa mkebe, na sisi tukawa tunarundika nyama juu yake kama wajinga. Sasa chuo kinamfukuza. Na sisi je? Nani atatupima?"

"Chuo kinamhoji, hakimfukuzi! Na kama kuna aliyemponza ni wewe, uliyechomoa friza mkesha wa Idi ukapiga pasi sare za wanao!"

Ploti nzima ilikuwa imejaa uani. Pale Majengo, Pumwani, ugomvi mzuri hauachwi kupita hivi hivi. Aliyekuwa anakuna nazi alisogeza mbuzi yake karibu, aliyekuwa anafua alisimama na povu mikononi, na mzee mmoja wa chumba cha nyuma alikuwa amejiletea kiti kabisa. Nasike Mukhwana alisimama kwenye mlango wa nyuma wa ukumbi akawaacha wamwage yote. Miaka kumi na minane ya upelelezi polisi ilimfunza kwamba majirani wakigombana husema kwa dakika tano kile ambacho kituoni wangekificha wiki nzima.

Walipoanza kurudia yaleyale, akabisha hodi.

"Shikamoo mama," alimwambia yule mnene wa leso ya njano, ambaye ndiye mwenye ploti, Bi Zaitun. "Naitwa Nasike. Natoka chuoni kwa kina Rufaida. Kamati ndiyo imenituma."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Umetukuta vibaya."

"Hapana, nimewakuta vizuri kabisa."

Marion, mwembamba, mrefu, kuku wa barafu amemkumbatia kifuani kama mtoto, alimtazama juu mpaka chini. "Nasike wa wapi?"

"Wa Webuye."

"Basi wewe ni dada yangu. Niambie ukweli, dada. Tutakufa?"

Nasike alicheka. Jana yake yeye mwenyewe alikuwa ameuliza swali hilohilo, kwa maneno ya kizungu kidogo, mbele ya Jackton, fundi wa maabara ambaye ndiye aliyepima vile vitu.

"Hamtakufa," alisema. "Kaeni niwaeleze, kisha na nyinyi mnieleze."

Akawaeleza vile Jackton alivyomweleza. Rufaida alikuwa anachunguza kombe, wale wanyama wa magamba mawili wanaojifukia kwenye mchanga wa pwani. Kombe wa mkondo mmoja kule walikuwa wameingiwa na saratani ya damu, na ndani ya chembe za urithi za damu hiyo mna kipande fulani ambacho Jackton alikiita mpangaji. Kina sura ya virusi vya jamii ya ukimwi, mbinu zao za kujinakili ni zilezile, lakini hakina miguu ya kutoka kwa kombe na kumwendea mtu.

"Mpangaji wa kawaida akihama, chumba kinabaki wazi," Nasike alisema. "Huyu akihama anaacha pacha wake chumba cha zamani, halafu anaingia kingine. Kombe mzima ana wapangaji wachache. Kombe mgonjwa amejaa kama ghorofa za Pipeline, mpaka hakuna pa kuanika nguo."

"Ee!" mzee wa kiti alisema. "Na wote hawalipi."

Uani pakacheka. Hata Marion alimshusha kuku.

"Sasa shida iko wapi?" Bi Zaitun aliuliza. Yeye hakucheka.

"Shida ni kwamba Rufaida alipima damu yao kule Pwani, akaandika wamejaa wapangaji. Akaleta nyama ya kombe haohao Nairobi ipimwe tena. Ikapimwa. Ghorofa tupu. Kamati inasema alitunga yale majibu ya kwanza. Inakaa Ijumaa saa nane mchana, na asipokuwa na maelezo, miaka yake minne ya udaktari inaishia hapo na jina lake linaandikwa mwongo."

Leo ilikuwa Jumatano.

"Ndiyo maana nasema friza ilichomolewa!" Bi Zaitun alimnyooshea Marion kidole. "Nyama ikaharibika!"

"Nusu saa, Zaitun! Nusu saa ya pasi!"

"Hata ingekuwa siku nzima, mama," Nasike alisema taratibu. "Nyama ikioza inanuka. Haigeuki kuwa nyama ya mnyama mwingine."

Kila mmoja alilitafuna hilo neno. Bi Zaitun alijifunga leso yake upya, ingawa ilikuwa haijalegea.

*

Rufaida alikuwa chumbani kwake, macho mekundu, meza yote karatasi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa. Baba yake alipofariki, shangazi yake Zaitun ndiye aliyemchukua, akamsomesha kwa vitumbua na mahamri mpaka hapo alipo.

"Nianzie mwanzo, dada?"

"Anzia mkebe."

"Niliwafungua kombe kulekule Pwani, nikatupa magamba, nikatia nyama kwenye mkebe wa plastiki. Nikabandika karatasi kwenye kifuniko. Nilifika hapa Alhamisi, mkesha wa Idi. Chuo kilikuwa kimefungwa mpaka Jumatatu, sikuwa na pa kuwaweka. Nikawatia kwenye friza ya shangazi. Jumatatu asubuhi nikauchukua mkebe, nikaupeleka kwa Jackton. Kifuniko kilekile, maandishi yangu yaleyale."

"Uliufungua?"

"Njiani? Sikuufungua."

"Uliweka kombe wangapi?"

"Ishirini na saba."

Nasike alitoa daftari. Kwenye kitabu cha maabara Jackton alikuwa ameandika kwamba amepokea thelathini na mmoja. Kamati ilikuwa imelisoma hilo kama ushahidi wa uzembe, mwanafunzi asiyejua hata kuhesabu. Nasike alitoa kalamu. Alilipigia mstari.

"Jackton aliniambia jambo jingine," alisema. "Wapo wapangaji wa zamani sana, ambao kombe wote wa mkondo ule waliwarithi kwa mababu. Hao hawahami. Kila kombe wa pale, mzima au mgonjwa, lazima awe nao, tena mlango uleule."

"Ndiyo. Nimewaandika sura ya pili."

"Kwenye nyama aliyoipima Jackton hawamo."

Rufaida alisimama. "Hawamo kabisa?"

"Milango yao haina mtu. Kamati haikuuliza habari hiyo, iliuliza tu kama ghorofa imejaa. Mimi nikajiuliza hivi: kama ungedanganya juu ya ugonjwa, kombe wenyewe wangebaki kuwa kombe wa mkondo wako. Hawa si wako, Rufaida. Mtu alibadilisha nyama na kukuachia mkebe."

"Nani ana haja na kombe wangu?"

"Hilo ndilo lililonileta. Nionyeshe friza."

Friza ilikuwa ukumbini, kubwa kama sanduku la maiti, na ilikuwa ya wote. Bi Zaitun alikuwa na taratibu yake, akaisimulia mwenyewe huku ameshika kifuniko. Kila mpangaji ana rangi yake ya uzi wa kushonea, anaifunga shingoni mwa mfuko wake. Marion kijani. Farid, anayeuza supu ya pweza pale stendi, nyekundu. Mzee wa kiti bluu. Hakuna kugombania matumbo hapa.

"Na kisichokuwa na uzi?" Nasike aliuliza.

"Cha nyumba," alidakia Marion kutoka mlangoni, ambako hakuna aliyekuwa amemwita. "Kisicho na uzi ni cha Zaitun, anakipika akipenda. Hiyo ndiyo sheria tangu nihamie."

"Mkebe wa Rufaida ulikuwa na uzi?"

"Mimi ni mtoto wa nyumba, dada," Rufaida alisema. "Sijawahi kuwa na uzi."

Bi Zaitun aliteremsha kifuniko. "Kama ni kombe," alisema, "humu mwenye mambo ya baharini ni Farid peke yake. Muulizeni Farid."

*

Farid alikuwa anasugua sufuria nyuma ya kibanda chake, mtu wa makamo mwenye tumbo la mtu anayeonja kazi yake. Pweza watatu walikuwa wamelala kwenye beseni wakisubiri jioni.

"Niaje madam. Supu bado. Rudi saa kumi na moja uone wanaume wa Eastlands wanavyopanga foleni kama wanapiga kura."

"Sikuja kwa supu. Nimekuja kwa kombe."

Mkono wa kusugua ulisimama. "Kombe gani?"

"Wewe niambie."

"Mimi ni wa pweza."

"Kwenye friza ya Bi Zaitun kuna mfuko wa uzi mwekundu, na ndani kuna kombe. Nimewaona kwa macho yangu."

Farid alikaa juu ya mtungi wa maji. Kwa kitambo kidogo alionekana kama mtu mwenye hatia hasa, na Nasike alishaanza kufungua daftari. Kazi yake ni pweza, friza ya ukumbini aliifungua apendavyo, na kombe alikuwa nao.

"Waliobaki hao," alisema Farid. "Wawili watatu. Sio wangu asili, niliagiziwa."

"Na nani?"

"Madam, mimi nakaa kwa watu vizuri..."

"Na Rufaida naye anakaa kwa watu vizuri, na keshokutwa anafukuzwa chuo."

Farid alishusha pumzi. "Bi Zaitun. Alinipigia simu Jumamosi, siku ya pili ya Idi, mbio mbio. Akasema nimtafutie kombe kama kilo moja, waliotolewa magamba, kabla ya Jumatatu. Nikamwambia jamaa yangu wa Vanga akawatia kwenye basi la usiku. Jumapili wakafika. Nikampa. Nilijua ana wageni, kwani Bi Zaitun lini hana wageni?"

"Aliwatia wapi?"

"Aliwaosha kwanza pale uani. Kwa ndimu, tena akawakamulia kama nne hivi. Nikamwambia, bibi, unawakaza nyama, mimi ndimu natia kikombeni mteja akishakaa. Akaniambia nisimfundishe kupika, alikuwa anaosha kombe nikiwa bado naoshwa."

Nasike aliandika neno moja, ndimu, akaliwekea duara. Ndimu ndiyo iliyokuwa imemsumbua Jackton. Alisema nyama ile ilikuwa chachu, ikamharibia chembe za urithi mara ya kwanza mpaka akarudia kazi yote, na alidhani ni dawa fulani Rufaida aliweka ili kuficha mambo. Kumbe ni mkono wa mpishi wa Kiswahili. Mwizi wa kombe asingewaosha. Adui wa Rufaida asingejali kama wana shombo. Ni mtu mmoja tu ambaye hawezi kukiweka kiumbe cha baharini kwenye mkebe wa mtu bila kukitoa shombo kwanza.

"Nipe hao wawili watatu," alisema.

"Wote? Chukua. Mimi hata sitaki kuwaona."

Kabla ya kuondoka Majengo alipitia kwa Marion, ambaye alikuwa jikoni anampika yule kuku kabla hajapata ugonjwa mwingine.

"Marion, Idi hii Bi Zaitun alikuletea sahani?"

"Huwa haniruki. Kugombana tunagombana, lakini sahani inakuja. Pilau, sambusa, kachumbari. Na baadaye kikaja kibakuli cha vitu vya nazi sikuvijua."

"Vya namna gani?"

"Vidogo, vya manjano. Dada, nilitafuna kimoja mpaka nikakumbuka zile akala za matairi ya gari za Kariokor. Nikampa paka."

"Ilikuwa siku gani?"

"Si nimesema Idi? Ijumaa yenyewe, saa saba mchana. Watoto walikuwa bado na nguo mpya."

Nasike alifunga daftari. Farid alileta kombe Jumapili. Bi Zaitun aliwapika Ijumaa.

*

Alhamisi saa tisa alasiri Jackton alipiga simu. Alikuwa amewapima kombe wa uzi mwekundu.

"Mlango kwa mlango," alisema. "Wapangaji wa hawa wa Farid na wa ile nyama ya mkebe ni walewale. Watu wa bahari moja."

"Bahari ya Rufaida?"

"Si ya Rufaida. Yake iko mbali na hapo."

"Na waliowala wale wagonjwa?"

"Wamepikwa?"

"Kwa nazi."

Jackton alicheka mpaka akakohoa. "Saratani ya kombe ni ya kombe, madam. Hawana neno."

Nasike alimkuta Bi Zaitun peke yake kwenye baraza ya mbele, ungo mapajani, anachambua mchele ambao ulishakuwa safi. Alikaa kando yake. Hakutoa daftari.

"Mama, Ijumaa ya Idi ulipata wageni usiowatarajia."

Vidole vya Bi Zaitun viliendelea kuchambua. "Shemeji zangu wa Lamu. Watu tisa. Hawakupiga simu."

"Na pilau ilikuwa imeshagawiwa majirani."

"Sahani zilishatoka zote. Kuku alibaki mgongo." Alitupa jiwe ambalo halikuwa jiwe. "Watu wa Lamu, mwanangu. Wakirudi wanasimulia mpaka msikitini ulichowapa. Nikafungua friza. Nikaona mkebe, hauna uzi. Nikafungua, nikaona kombe. Nikasema Mungu ameniletea."

"Karatasi ya kifuniko?"

"Kiingereza na nambari. Nilidhani ni mkebe wa zamani wa chuoni kwake, kanunulia kitoweo. Jumamosi ndipo Rufaida akaniambia, shangazi, usisahau mkebe wangu Jumatatu, mna kazi yangu ya miaka minne. Nikatafuta simu."

"Ukampigia Farid."

"Nimekula kombe wa mtu, nikamrudishia kombe. Nimejaza mkebe mpaka juu, nimezidisha hata. Nimewaosha. Kuna ubaya gani hapo? Kombe si kombe?" Sauti ilipanda, kisha ikashuka yenyewe. "Nilivyojua mimi."

"Mpaka lini?"

Bi Zaitun aliuweka ungo chini.

"Mpaka wiki iliyopita. Aliporudi na ile barua analia. Niliposikia wanasema nyama si yenyewe nilijua. Nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa kesho. Halafu Marion akaanza maneno yake ya virusi, nikaona, basi, na iwe ni pasi ya Marion." Alijifuta uso kwa ncha ya leso. "Mtoto huyu nilimwosha mimi, nikamnyoa nywele za utotoni mimi. Nitamwambiaje nimewapikia shemeji zangu masomo yake?"

"Ameshasikia, mama."

Rufaida alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango, mkono mmoja ameushika ukingo. Hakuna aliyejua amesimama pale kwa muda gani.

"Mimi pia nilikula," alisema polepole. "Ijumaa ile. Wale wa nazi."

"Ulikula, mwanangu."

"Nilidhani ni wa Farid."

"Uliomba nikuongeze," Bi Zaitun alisema kwa sauti ndogo sana. "Nikakuongeza."

Rufaida aliwatazama wote wawili kama mtu anayesoma ukurasa wenye herufi zisizokaa mahali pamoja. Kisha aliingia ndani, na pazia likarudi mahali pake.

Nasike alitoa karatasi na kalamu. Aliandika kwa Kiswahili kilichonyooka, akamsomea, siku kwa siku, mkebe, simu ya Farid, ndimu. Bi Zaitun alisahihisha mahali pamoja tu: wageni walikuwa tisa bila kumhesabu mtoto mchanga.

"Hii haitoshi kwa karatasi," Nasike alisema. "Kesho saa nane lazima useme kwa mdomo wako. Ni watu saba, maprofesa. Damu ya kombe wa kwanza bado iko Pwani, na Jackton ana vipimo vya Farid. Lakini bila wewe hakuna anayeunganisha. Watasema Rufaida na fundi wamepanga."

"Watanicheka."

"Baadhi yao watacheka."

"Na mtaa wote utajua Zaitun alimla mtoto wake miaka minne, akamsingizia jirani."

Nasike hakumpunguzia. Nyuma yao, ukumbini, milango miwili mitatu ilikuwa imeachwa wazi kidogo, na mbuzi ya kukunia nazi iliyokuwa ikilia tangu saa nane ilikuwa kimya kabisa.

Bi Zaitun alitia sahihi, jina zima na la baba yake. Kisha aliinua shingo, akaita bila kugeuka: "Marion! Najua uko hapo. Hukuharibu kitu na pasi yako. Nilikusingizia."

"Nilijua," Marion alisema kutoka gizani mwa ukumbi. "Kesho utavaa nini? Usiende na hiyo leso. Nitakukopesha koti."

"Koti lako litanifika mkono mmoja."

"Basi nitakusindikiza niwacheke wale watakaokucheka."

Nasike alisimama aende. Bi Zaitun hakusimama. Alisema atakaa pale kidogo, kuna upepo. Hakukuwa na upepo. Jioni iliingia mtaani, wapita njia wakamsalimia, akawaitikia mmoja mmoja, na kila aliyepita alishangaa kumwona Bi Zaitun saa ya chakula yuko nje ya mlango wake kama mgeni asiyejua kama atafunguliwa. Ndani palisikika kijiko kikigonga sufuria. Palinukia kitunguu, kisha iliki, kisha hakuna kilichosikika tena ila sahani zikipangwa mkekani.

Nasike alikuwa bado anahangaika na kamba ya kiatu, kwa muda mrefu kuliko kiatu kilivyohitaji, pazia lilipofunguka.

Macho ya Rufaida yalikuwa bado mekundu. Alimtazama Nasike kwanza, kisha akainama akauokota ungo wa mchele, akaupachika ubavuni, na ule mkono mwingine akamnyooshea shangazi yake.

"Ingia ule, shangazi," alisema. "Kesho una safari."